Dada Aliyepelekwa Uturuki

Kila asubuhi Raheli alifagia uwanja wa shangazi yake, akanywa uji, kisha akaongozana na rafiki yake Sikudhani kwenda shule, wakipita kando ya malori yaliyolala hapo mjini Shelui. Njia nzima mdomo wake haukupumzika. Tangu Sikudhani aseme kaka yake anasomea ualimu India, Raheli naye alikuwa amempeleka dada yake Dorkas Uturuki, kwa mdomo tu. Ukweli ni kwamba Dorkas alikuwa akisomea ualimu chuo cha hapa hapa wilayani Iramba. Kwao wawili ni Mwankoko, Raheli alikaa Shelui kwa shangazi tu, kwa hiyo hapo hakuna mwanafunzi aliyemjua Dorkas.

Basi Jumapili jioni Dorkas huyo akashuka kwenye basi na begi lake. Alikuwa amepangiwa kufanya mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya Raheli.

"Shikamoo dada," Raheli alisema haraka. "Shuleni tujifanye hatujuani. Watasema unanipendelea."

"Marahaba. Sawa," alijibu Dorkas, bila kushuku kitu. Kisingizio hicho cha Raheli kilikuwa uongo wa pili, wa kuulinda ule wa kwanza.

Kesho yake Dorkas aliingia darasa la sita na chupa mbili, moja ya maji, nyingine ya mafuta ya alizeti. "Nikiyachanganya, yapi yatakaa juu?" Darasa likagawanyika, kelele tupu. Hakuwapa jibu, aliwapa vikombe wajaribu wenyewe. Yeremia, ambaye huwa hafungui kinywa, alipoeleza kwamba mafuta ni mepesi kuliko maji, wote walimpigia makofi. Raheli alijaa fahari mpaka akasahau kwamba anajifanya hamjui.

"Huyu hata dada yako wa Uturuki hamfikii," Sikudhani alimnong'oneza, kisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, nawe ulisoma nje, kama dada yake Raheli?"

Dorkas alimtazama mdogo wake, akaelewa, uso ukamnywea. "Nimesoma hapa hapa," alisema, akageukia ubao.

Raheli hakuvumilia, akasimama. "Sikudhani, huyu ndiye dada yangu. Sina mwingine. Nilidanganya."

Darasa zima likaangua kicheko. Sikudhani alinuna kidogo, kisha naye akacheka.

Jioni, wakichambua majani ya mlenda kwa mboga ya usiku, Raheli aliomba radhi.

"Umenipeleka Uturuki bila hata nauli," Dorkas alisema akitabasamu. "Kusoma nje si vibaya. Nikipata nafasi, kesho nafunga mizigo. Lakini leo Yeremia ameelewa somo, na hakuniuliza nilisomea wapi. Kilichoniuma ni wewe kunionea aibu. Ukitafuta sifa kwa uongo, mdogo wangu, utajikuta unamkana hata mtu unayempenda."