Aliyeiba Mashine Kuukuu

Mwizi alikuwa ameacha kompyuta mpya ndani ya boksi lake, akabeba ile kuukuu. Jambo hilo lilimchosha Inspekta Angetile kuliko miguu yake iliyovimba, asubuhi ile ya mvua Kyela mjini, mwaka 2003.

"Kufuli halikuvunjwa," alisema Salim, mwenye duka la intaneti. "Mlinzi ndiye mwenye ufunguo. Mnaye mahabusu, huyo Mzee Tuntufye, mbaneni."

"Nimembana. Analia tu. Nani mwingine ana ufunguo?"

"Yasini, fundi wangu. Lakini huyo ni kama mwanangu."

Angetile alitazama meza. Nyaya nazo hazikuwepo. Zilichomolewa taratibu, hakuna uliokatwa.

"Kitendawili, Salim."

"Tega, afande, ingawa sina hamu."

"Kaingia ghalani, kaacha mchele, kabeba pumba."

"Mwenye kuku huyo."

"Ehe. Na pumba yako wewe, nani alikuwa na kazi nayo?"

Salim alieleza shingo upande. Mashine ile ndiyo iliyogawa mtandao kwa kompyuta zote za duka. Wateja wakijaa, kadi yake ya mtandao inazimika, barua pepe za watu zinakatika katikati. Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa imetoka, lakini kwa mfumo mpya wa uendeshaji tu, na mfumo mpya unailemea mashine ile kama gunia la kakao mgongoni mwa mbuzi. Yasini alitaka kutoa kipande cha marekebisho peke yake, akishone ndani ya mfumo wa zamani.

"Nikamwambia majaribio yatosha. Jumatatu anakuja fundi wa Mbeya, anafunga mpya, ataitunza mwenyewe."

"Na Yasini?"

"Soko huria hili, afande. Atajitafutia."

Anayebeba nyaya ana pa kuzichomeka. Landrova ya kituo haikuwa na mafuta, Angetile akakodi baiskeli hadi Ndandalo, kwenye darasa la kompyuta la kanisa. Yasini alifundisha pale Jumamosi. Lilikuwa limefungwa kwa likizo, lakini ndani kompyuta zote zilikuwa zinawaka, zikinyonya mtandao kutoka mashine moja kuukuu pembeni. Yasini alikaa sakafuni, macho mekundu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Mbona hukukimbia?"

"Kipimo hakijaisha. Nazitumikisha kompyuta zote kwa mpigo tangu juzi, mashine haijazimika. Kesho jioni ningemwita Salim aje aone kwa macho yake. Nilikuwa nairudisha, wallahi."

"Hukumwambia?"

"Alinicheka. Ile dawa haiingii nzima kwenye mfumo wa zamani. Nimeipunguza, nimeigeuza, ikakubali. Hii ikiishi, nina kazi. Ile mpya hainihitaji."

Angetile alivuta kiti. Angeweza kulala palepale.

"Unajua nani yuko ndani kwa ajili yako?"

Yasini aliinama. "Nilisikia jana."

"Jana."

"Nikasema, siku mbili tu. Kisha nitamwomba radhi."

"Yule mzee ana pumu, Yasini. Analala kwenye saruji."

Taa ndogo za kijani ziliendelea kupepesa.

"Hiki ni kielelezo cha kesi," Angetile alisema. "Nichomoe mimi, au wewe?"

"Nikichomoa sasa, Salim hataamini kamwe."

"Hataamini."

Yasini aliitazama mashine kwa muda mrefu, kama mtu anayemuaga mgonjwa aliyeanza kupata nafuu. Kisha akanyoosha mkono, akachomoa. Taa zikafa zote.

"Twende," alisema. "Mtoeni mzee kwanza, ndipo mniandike mimi."