Sura ya Tisa ya Baba

Kila Jumamosi, nikishaosha vyombo na kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya Bibi, nilikwenda maktaba ya chuo. Nyumbani waliniita Chapchap, kwa sababu kazi ya saa nzima niliimaliza kwa dakika kumi, na nusu yake ilikuwa haijafanyika.

Jumamosi moja Bibi alinituma. Baba, mwanawe wa pekee, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya visima.

"Baba yako aliniambia ameandika kwenye kitabu cha chuo," Bibi alisema. "Mimi kusoma sijui, mjukuu wangu. Kitafute, unisomee. Nataka kumsikia tena."

Siku hizi vitabu vya chuo vimo ndani ya kompyuta, maelfu kwa maelfu. Niliandika jina la Baba kwenye kisanduku cha kutafutia, nikabonyeza. Hakikutokea kitabu. Sikujaribu tena. Kwenye kompyuta ya pili rafiki yangu alikuwa akicheza mchezo wa magari, nikajiunga naye mpaka saa ya kufunga.

"Nimetafuta kote, Bibi," nilisema nilipofika. "Hakuna."

"Kote?"

"Kote kabisa."

Bibi aliacha kushona. "Basi alinidanganya ili nifurahi," alisema polepole.

Tangu siku ile hakumtaja tena Baba. Wiki ya tatu nilimsikia akimwambia jirani, "Mwanangu alikuwa na moyo mzuri, ila maneno yake hayakuwa ya kuaminika." Maneno hayo yalinichoma. Usiku huo sikula.

Jumamosi nilikwenda moja kwa moja kwa mkutubi, nikamweleza yote huku machozi yakinitoka. Hakunikaripia.

"Uliandika jina lake tu?" aliuliza. "Hapa unatafuta majina ya jaladani. Vitabu vingi vya namna hii huandikwa na watu wengi, kila mtu na sura yake, na jaladani hukaa wahariri. Fungua somo la maji, halafu upitie yaliyomo, kitabu kimoja kimoja."

Vitabu vya maji vilikuwa hamsini na sita. Nilifungua, nikasoma orodha, nikafunga, nikafungua kingine. Rafiki yangu aliniita mara mbili, nikatikisa kichwa. Katika kitabu cha arobaini na moja, kwenye sura ya tisa, nililiona jina la Baba, kamili, majina yote matatu. Nililaza kichwa mezani nikalia mpaka mkutubi akaniletea maji ya kunywa. Kisha akanichapia kurasa zote kumi na mbili.

Nilimkuta Bibi akikunja pindo la gauni. Nikapiga magoti.

"Bibi, nisamehe. Baba alisema kweli. Mimi ndiye niliyedanganya. Nilitafuta mara moja tu, nikaenda kucheza."

Bibi alizipokea karatasi, akazipapasa kwa kidole.

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu nimemwona mwanangu mwongo, na yeye yuko kaburini, hawezi kujitetea!"

Alilia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata siku ya mazishi. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

Baadaye alijifuta uso. "Ungeniambia umechoka, ningekuelewa. Ungeniambia hujamaliza, ningengoja. Lakini unaposema hakuna, na wewe hujatafuta, unamwonea mtu ambaye hayupo. Usifanye hivyo tena, si kwangu wala kwa mwingine. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Jirani nitamwambia mwenyewe kesho. Haya, kaa hapa usome."

Nikasoma. Yalikuwa maneno magumu, ya kina cha visima, chumvi na tope, na mengi hatukuyaelewa, mimi wala yeye. Lakini kila niliponyamaza kuvuta pumzi, Bibi alinigusa goti.

"Endelea," alisema. "Bado anaongea."