Mabuti ya Mkuu wa Arani

Zama zile Wareno walipokuwa wakidai ushuru wa pwani yetu kwa mizinga, alikuwako Siyu fundi wa makubadhi aitwaye Mshamu wa Bwana Kae. Wareno walimteka awashonee matanga. Merikebu yao ikapasuka kwenye miamba ya Arani, kisiwa cha Waairishi, huko ambako upepo hung'oa ndevu za mbuzi. Mshamu akaokoka na sindano yake na makubadhi miguuni.

Hata nguo hazijamkauka, maharamia wakaizingira ngome ya mawe alimopokewa, iliyo ukingoni mwa jabali. Maji ya kunywa yalibaki ya siku mbili. Msaada ulikuwa Galwe, mji wa ng'ambo, na ngomeni mlikuwa na mashua moja tu ya fito na ngozi ya ng'ombe, nayo maharamia walikwisha kuichana kwa mapanga ufukweni kabla haijaburutwa ndani.

"Nipeni niishone," Mshamu akasema kwa Kireno, lugha ambayo Donla, mkuu wa ngome, aliiokota kwa wauza mvinyo.

"Tumeishona mara mbili, mgeni. Inavuja kama kapu."

"Mmeshona kama gunia! Sindano ikitokea upande wa pili, mmeyafungulia maji mlango. Sisi Siyu twaipitisha katikati ya unene, uzi ukalala ndani ya ngozi."

"Fundi viatu atuvushe bahari!" Donla akacheka.

"Nataka na ngozi laini ya viraka. Vua mabuti, mkuu."

Kicheko kikakatika. Mabuti yale yalimfika mapajani, yana bizimu za fedha, fahari ya kisiwa kizima. Donla akakaa chini, akavua. Makubadhi ya Mshamu nayo yakakatwa, kila mshono ukapakwa mafuta ya kondoo.

Asubuhi, ukungu ulipotanda, wakateremshwa jabalini kwa kamba, mashua, Mshamu, na Gormla binti Donla aliyeijua njia. Wakapiga makasia hata viganja vikachunika.

Galwe ilikuwa imechangamka: mapipa yakibingirishwa, wauza chaza wakitukanana, matajiri wa majoho mekundu wakipigana vikumbo na punda. Mkuu wa walinzi akawatazama miguu mitupu.

"Wavuvi wametuambia maharamia walichana mashua zote za Arani. Ninyi wapelelezi wa maharamia!"

"Tia mkono ndani, bwana," akajibu Mshamu, Gormla akimfasiria. "Kisha tazama viraka."

Akapapasa. Pakavu. Akaiona bizimu ya fedha ingali kwenye kiraka, ile aliyoionea wivu miaka kumi.

"Donla asingeyavua haya hata kaburini," akanong'ona, akakimbilia kengele.

Merikebu tatu zikang'oa nanga. Gatini palikuwa na nyingine ikitweka tanga kwenda Lisboni, na nahodha wake alikuwa radhi kumchukua Mshamu, aanze safari ya kurudi kwao.

"Nenda, kaka," Gormla akamwambia. "Mwaka huu hutapata nyingine."

Mshamu akaipa kisogo. "Mzee wa watu kanipa mabuti yake. Nimwache pekupeku?" Akarukia merikebu ya vita.

Maharamia walitimka kabla ya jua kushuka. Madaftari ya Galwe yakaandika manahodha watatu. Jina la Mshamu halimo. Lakini yeye alifumua viraka, akayashona mabuti upya. Donla akayavaa, akashuka ufukweni mbele ya kisiwa kizima, akaingia baharini hadi magotini. Alipotoka, akayavua na kuinua soksi zake juu, watu wazishike. Zilikuwa kavu.