Pumzi ya Menico

Padri Fiorenzo Zambelli aliinua kidole kutoka kwenye kinanda, na sauti haikukoma.

Ilikuwa sauti moja, nene, ya bomba la chini kabisa. Alidhani kitufe kimenasa, akakikwangua kwa ukucha. Kumbe kilikuwa kimeshapanda zamani. Nyuma ya kinanda shemeji yake Menico, mvuta kamba za mivukuto inayokipa kinanda upepo, aliuliza kwa sauti ndogo mbona bado anapiga, wakati yeye kamba ameshaziachia.

Ilikuwa alasiri ya Ijumaa Kuu, na mtu yeyote wa bonde lile angekwambia kinanda hakiguswi siku hiyo. Tangu wimbo wa Utukufu wa Alhamisi mpaka Utukufu wa Jumamosi asubuhi kengele hufungwa, watu huitwa kanisani kwa vibao vya kugonganisha, altare huvuliwa vitambaa, maji ya baraka humwagwa, na tabernakulo huachwa wazi, tupu. Menico alikuwa amemkumbusha hayo yote walipokuwa wakipanda ngazi. Lakini Padri Fiorenzo alikuwa ametunga Utukufu mpya, na mtunzi alikuwa mtunzi kweli, hilo siwezi kumnyima. Kesho yake mkuu wa muziki wa kanisa la askofu angekuja kuusikia, na akiupenda angempa kiti cha mpiga kinanda mjini. Miaka kumi na sita alikuwa akiwapigia wachunga ng'ombe wanaosinzia. Bomba lile lilikuwa na mkwaruzo, naye alitaka kulijaribu mara moja tu.

"Vuta, shemeji," alikuwa amesema. "Au siku hizi unaogopa upepo unaoutoa mwenyewe?"

"Upepo siuogopi. Naogopa mwenye nyumba arudi akute tumemfungulia mtu mwingine mlango."

Hata hivyo Menico alivuta. Alikuwa anaishi kwa shemeji yake, anakula kwake, angefanyaje?

Sasa bomba lilinguruma bila upepo, na harufu ya utambi uliozimwa ikajaa pale juu, ingawa kanisa zima halikuwa na mshumaa uliowashwa. Liliponyamaza, Menico aliketi sakafuni ameshika kifua. Alisema anahisi kama mtu aliyekimbia mlima mzima.

Nyumba ya padri iligusana ukuta na kanisa. Orsola, dada yake padri na mke wa Menico, alikuwa ameandaa ugali wa mahindi bila siagi, kama ilivyopasa siku ya mfungo. Menico hakumeza hata tonge moja. Sauti ile ilishuka kupitia bomba la moshi, ya chini sana, sahani zikatetemeka mezani, na mbavu za Menico zikazama ndani kana kwamba kuna anayemnyonya, zisiinuke tena mpaka sauti iliponyamaza. Ilipokuja mara ya pili ilikaa zaidi. Orsola alimwangalia kaka yake mikono, akamuuliza wamefanya nini huko juu. Aliyejibu ni Menico, neno moja moja.

Aliitwa paroko mzee, Padri Tullio. Aliinama akaweka sikio kwenye kifua cha mgonjwa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Pepo kaingia nyumba ikiwa tupu," alisema taratibu. "Kinanda kimempa mdomo. Mapafu anayachukua kwa huyu."

Maji ya baraka hakuwa nayo. Ya zamani yameshamwagwa, mapya yangebarikiwa kesho asubuhi. Misa ikiisha angepanda mwenyewe kuyanyunyizia mabomba, moja baada ya jingine. Mpaka wakati huo kitufe hata kimoja kisiguswe, maana kila kitufe ni mdomo mwingine, na vyote vitanyonya kifua kimoja. Kwaya iimbe hivyo hivyo.

Padri Fiorenzo aliuliza kama mkuu wa muziki angebaki mpaka Jumapili.

"Kaka," Orsola alinong'ona. "Niapie."

Akaapa, kwa jina la mama yao. Nadhani wakati ule alimaanisha.

Asubuhi kanisa lilijaa. Mgeni alikaa mbele, kofia magotini, shingo ameigeuza kuelekea juu. Nyuma ya kinanda hakukuwa na mtu, mivukuto imelala bapa, na Padri Fiorenzo alijiambia kwamba pasipo upepo hakuna sauti, kwa hiyo akiweka vidole vyake pale kujifariji tu hatakuwa amevunja kiapo. Padri Tullio akaanzisha Utukufu, kengele zikafunguliwa, vitambaa vikaanguka kutoka kwenye sanamu, na vidole vikashuka, na kinanda kikajibu kwa sauti zote, kikubwa na kitamu kuliko alivyowahi kukisikia, na alijua, kwa kuwa ile harufu ya utambi ilikuwa imemjaa puani na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na kitu kinachogonga mbao za kitanda cha Menico, alijua kabisa, na angeweza kuinua mikono wakati wowote, lakini mgeni alikuwa ameinamisha kichwa anafuta macho, na ubeti ulikuwa mzuri, na uliofuata ulikuwa mzuri zaidi, akapiga mpaka mwisho.

Mwimbaji wa sauti ya nne alimwinamia. "Nani anavuta huko nyuma? Sijawahi kusikia upepo uliotulia hivi."

"Mume wangu," alijibu Orsola. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, nywele wazi, hana viatu. "Kahema mpaka Amina, kaka. Nilikuwa nimemshika mkono."

Padri Fiorenzo alikunja mikono mapajani. Sauti ya chini ikaanza tena, peke yake. Orsola alishika kifua, akatafuta pumzi, akaketi polepole kwenye ngazi. Bomba halikuwa na mkwaruzo tena, na kaka yake, Mungu amsamehe, hilo ndilo alilolisikia kwanza.