Kidoti Aliyeitika

Fundi wa kompyuta aliandika herufi tatu tu, mashine ikamalizia jina yenyewe, bila yeye kugusa kitufe kingine.

Jina lilikuwa Kidoti, marehemu mkewe, aliyeitwa hivyo kwa doa la shavuni. Kwenye kompyuta, anayetaka folda iliyofichika ndani ya folda nyingine huandika njia nzima. Mvivu hujitungia neno moja fupi, likamfikisha papo hapo. Neno la fundi lilikuwa kidoti, na lilimpeleka kwenye picha zao na soga walizoandikiana. Tangu mazishi aliliandika kutwa kucha, hata kazi ikiwa kwingine. Mwanamume mzima, anaita maiti kama anayeita teksi.

Basi kitu kikaitika.

"Abee, mume wangu," yakajiandika maneno kwenye skrini nyeusi.

Mchana kweupe, harufu ya mafuta ya nywele ya Kidoti ikajaa chumbani, na chini yake harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa, ikapanda taratibu toka nyayoni mwa fundi hadi magotini, na kiti cha pembeni, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba, kikalia kama kinavyolia kikipokea mtu, na vitufe vikaanza kubonyea kimoja kimoja, na yeye, badala ya kutimua mbio, akakivuta kiti kile karibu naye.

Akawa haachi kuandikiana nacho, akakonda hadi suruali ikamshinda. Dada yake akamleta mganga, mama mmoja asiye na mchezo.

"Muulize jambo lisilomo humo kwenye mashine," mganga akanong'ona.

Fundi akaandika: Hospitalini, neno lako la mwisho lilikuwa nini?

"Nilisema nakupenda sana."

Fundi akainamisha kichwa.

"Ndivyo alivyosema?" dada akauliza kwa sauti ya chini.

"Aliniuliza kama nimezima jiko."

"Basi hilo ni jini," mganga akasema. "Limesoma yaliyomo tu. Futa neno lako, ndio mlango wake. Neno hilo sikulitunga mimi, sina amri nalo."

"Najua si yeye, mama. Nilijua siku ile ile. Kidoti hakuwahi kuniitikia abee hata mara moja."

Skrini ikaandika: "Usinifute, mume wangu. Huku kuna baridi."

Fundi akalitafuta neno lake. Akafuta.

Kiti kikalia mara moja, kikanyamaza. Harufu zote mbili zikakatika. Dada akafungua dirisha.

"Limetoka?"

"Limetoka."

"Sasa unalia nini, mdogo wangu?"

"Limetoka, dada."