Kima wa Moín Walipokaa Kimya

Rafiki yangu Alrick ni mwongo, tena uongo wake ni wa kijinga, ndiyo maana hili moja ninalisadiki. Kazi yake ni kuwatembeza watalii wa meli kwa boti kwenye mifereji ya Moín, hapa Limón. Kima wa huku hunguruma kama simba; wasiponguruma, yeye huinama nyuma ya boti akanguruma mwenyewe, viganja mdomoni, halafu hukohoa mara mbili, mapafu yameshaliwa na sigara. Wale mabwege hupiga makofi.

Siku moja wingu lilitanda, msitu ukawa giza saa nane mchana, na kima kimya. Asubuhi Bi Ivanell, muuza patí za nyama pale gatini, alikuwa amemwonya.

"Wewe kichwamaji, kima wakinyamaza kabla ya mvua, usiwaite. Atakuitikia nani?"

"Mama, wewe uza patí zako."

Basi kule mferejini Alrick akanguruma, akakohoa. Msituni ukajibu mngurumo wake uleule, kisha kitu kikakohoa mara mbili.

Watalii wakapiga makofi, mazuzu wale. Alrick akajikausha, pumzi ameibana.

Kikakohoa tena, mara mbili, majini, chini ya miguu yake.