Mahindi ya Chini ya Ghala

Kila asubuhi kabla ya shule, Kalunde alitwanga muthokoi. Alilowesha mahindi kidogo, akayatia kinuni, akatwanga mpaka maganda yakatoka na punje zikabaki nyeupe. Alikuwa na miaka kumi na miwili na viganja vyake vilikuwa na sugu. Mwaka huo wa 1984 mvua ilikataa kabisa upande wa Mutomo, na hakuna aliyechezea chakula.

Baba yake, Kivuva, alikuwa kitandani kwa mwezi wa pili sasa. Virusi vilikuwa vimeshambulia ini lake, na macho yake yakageuka manjano. Shuleni Nzuki, mwanafunzi mwenzake, alimwambia Kalunde kwamba kwao hawana haja ya kununua binzari, wamkamue baba tu. Watoto wakacheka. Kalunde aliinamisha kichwa.

Hata hivyo, baba alikuwa akipata nafuu. Musembi, tabibu wa hospitali ya misheni, alimpima damu mara mbili akasema ini limeanza kufanya kazi. Alimwagiza apumzike, ale chakula safi, na asiguse pombe wala dawa za mizizi.

Siku moja mama alikwenda kuchimba matuta ili apewe chakula cha msaada. Alimwagiza Kalunde atupe chooni mahindi ya chini ya ghala. Yalivunwa msimu uliotangulia kabla ya kukauka kwa kuogopa wezi, nayo yakaota ukungu wa kijani.

Kalunde hakuyatupa. Aliona ukungu uko kwenye ganda, na ganda si linatoka? Aliyatwanga, akayapepeta, akayaosha. Muthokoi ukatoka mweupe. Mama aliporudi, Kalunde alimdanganya kwamba ameyatupa. Tangu siku hiyo akawa anaupika na kunde, na sahani iliyojaa zaidi alimpa baba, kwa kuwa ndiye mgonjwa.

Wiki ya tatu tumbo la baba lilijaa maji. Alitapika, akawa anasinzia mchana kutwa, akimwita Kalunde kwa jina la shangazi yake aliyekufa. Walimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Musembi alipima damu tena, akauliza mgonjwa amekula nini. Mama aliapa kwamba mumewe hakuonja mizizi wala pombe. Tabibu alisema hali imerudi nyuma vibaya, na bila kujua sababu hana la kufanya.

Mama alianza kukunja blanketi. "Basi nimpeleke akafie nyumbani," alisema. "Nimechoka kuomba."

Kalunde alilizuia blanketi kwa mkono. Akisema, atajulikana kuwa ndiye aliyemmaliza baba. Akinyamaza, baba atarudishwa kwenye sufuria ile ile.

"Mwaitu, sikuyatupa yale mahindi," alimwambia mama yake. "Niliyatwanga. Ndiyo baba amekuwa akila."

Mama aliketi sakafuni.

Musembi hakumgombeza. Alieleza kwamba sumu ya ukungu huingia ndani ya punje, na moto wa jikoni hauimalizi. Virusi vilikuwa vinalila ini la Kivuva kama kutu inavyokula chuma. Ini lilikuwa limeanza kujitengeneza, na sumu ikaongeza kutu juu ya kutu. Sasa angalau alijua anapambana na nini.

Siku hiyo hiyo mahindi yaliyobaki yalifukiwa. Baba alilazwa wiki saba, na siku nyingi kati ya hizo hakuna aliyetarajia kwamba ataamka. Alirudi hai, lakini mifupa mitupu, na jembe la ng'ombe hakulishika tena. Kalunde alishindwa kumtazama usoni.

Baba alimwita akae karibu.

"Ulinijazia sahani kwa kunipenda, hilo nalijua," alisema. "Lakini mapenzi hayatoi sumu kwenye chakula. Kilichooza kitupe, hata tukilala njaa. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ulichelewa kusema, na mimi nimepoteza nguvu zangu. Ungenyamaza, ungekuwa umenizika."